Siku Niliyokula Kiazi Kabla ya Wakubwa

Mimi ni mtu wa kujificha. Mgeni akibisha nyumbani kwetu, mtaa wa Dengfeng hapa China, naingia chooni na kukaa humo hadi aondoke, na wageni wengine wanakaa sana. Kwa hiyo Anti, jirani yetu wa ghorofa ya juu, aliponieleza kwao kulivyo, nilimshukuru Mungu sikuzaliwa huko.

Anti ni Myoruba, katoka mji wa wakulima Nigeria. Hapa ana saluni, na Kiswahili amekiokota kwa wateja wa Kitanzania. Kwao, anasema, ukienda shamba unamsalimia kila unayempita, na salamu si moja: anayelima ana yake, aliyekaa ana yake, anayerudi na mzigo ana yake, hata anayesukwa nywele. Msichana anapiga magoti. Mvulana analala kifudifudi, hata kama kavaa suti.

"Na asiyesalimia?" niliuliza.

"Wanamuuliza mama yake mtoto anaumwa nini."

Juu ya paa la jengo letu Anti alipanda viazi vikuu kwenye viroba vinne vya mchele, udongo kauinua tuta kama alivyofundishwa na baba yake. Vikatambaa kwenye nguzo za kuanikia nguo, mpaka soksi za majirani zikawa zinaning'inia katikati ya majani. Akiwa saluni, mimi ndiye niliyemwagilia. Nilipenda kazi ile kwa sababu kiazi hakikusemeshi.

Ijumaa moja asubuhi akachimba cha kwanza. Alinikuta mlangoni natoka kwenda shule.

"Niwekee mpaka Jumapili," akasema, kakishika kwa mikono miwili. "Kwangu kuna wageni kutoka Lagos, wale matumbo yao hayana adabu. Kiazi kipya hakiliwi mpaka mkubwa aonje. Baba yangu ataangalia kwenye simu, kutoka kwetu. Tangu nije China sijala kiazi kipya mbele yake hata mara moja, na ameshazeeka."

Nilikuwa nimechelewa. Nikakiweka mezani, nikamwambia Mama kupitia mlango wa bafu, "Anti kaleta kiazi." Basi. Maneno mimi huyatoa kwa kubana.

Mama ni wa Morogoro, na kiazi kikuu hajakiona tangu tuhamie huku. Niliporudi kilikuwa sufuriani, vipande vyeupe vimezama kwenye tui la nazi.

"Anza kula," akasema, yuko kwenye simu na mteja wa viatu, mwenyewe hajagusa bado. "Huyu mwanamke Mungu ambariki."

Humu naandika ukweli: nilijua. Nilijua kabla ya kipande cha kwanza. Lakini nilikuwa na njaa, nikajiambia naonja tu nione kama kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Nilihakikisha mara tano.

Halafu nikamwambia Mama. Akakata simu.

"Na asubuhi mdomo ulikuwa wapi?"

"Nilikwambia kaleta kiazi."

"Panda ukamwambie. Mimi siendi, aliyeagizwa ni wewe."

Jumamosi nilipanda mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilisimama mlangoni kwake nikashuka. Mara ya tatu nilipitiliza mpaka juu, nikamwagilia viroba.

Jumapili saa kumi jioni, kwao Nigeria bado asubuhi, sebule ya Anti ilikuwa na wageni saba, wote wamevaa kitambaa kimoja cha kijani alichokishonesha kwa mafundi wa mtaa wa Kangle. Mimi pia alikuwa amenishonea. Hilo halikunisaidia. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, ikionyesha paji la uso la Baba yake. Anti akapiga magoti, wanaume wakalala kifudifudi mbele ya chupa, wakainuka. Kisha Anti akanigeukia.

"Leta kiazi, mkubwa wetu aonje." Mkubwa wao hapa ni mzee mwenye mvi, wa biashara ya mizigo.

Nikapiga magoti.

"Nimekila."

"Umekila wapi?"

"Nyumbani. Kwa nazi."

"Kwa nazi," akarudia mzee wa mizigo, kama mtu aliyepewa habari za ajali.

Anti hakunitazama. Alimtafsiria baba yake polepole, sauti imemshuka. Paji la uso likasogea, tukaona uso mzima. Ukasema kitu. Anti akauliza tena, akajibiwa vilevile.

"Baba anasema anayeonja wa kwanza ndiye mkubwa. Anauliza kwa nini hawa wanaume bado wamesimama mbele yako."

Wakalala. Mzee wa mizigo, ambaye goti linamsumbua, alishuka kwa awamu. Sakafu yote ikawa ya kijani. Anti naye akapiga magoti. Mama alikuwa mlangoni na sufuria yake.

"Mimi nimemzaa," akasema. "Nitasalimia kwa kichwa."

"Sasa mkubwa anatuombea," akasema Anti. "Kwa sauti, Baba asikie."

Hili hakuna aliyewahi kuniambia.

"Samahani," nikasema.

"Ashe," wakajibu wote. Ndiyo amina yao.

"Sijui niseme nini."

"Ashe."

"Jamani, inukeni tu."

"Ashe," na hakuna aliyeinuka. Kwenye simu Baba alikuwa anacheka mpaka picha inatikisika. Nikafumba macho.

"Mungu ampe Baba uzima. Mwakani Anti akale kiazi kwao, mkono kwa mkono na baba yake."

Wanaume wakaitikia kwa pamoja. Ashe ya Anti ilichelewa, ikatoka peke yake, na Baba akamwita kwa jina ambalo sijawahi kumsikia mtu akimwita hapa mjini. Akainuka, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kijani, akaniambia nimfuate juu tukachimbe kiroba cha pili.