Sehemu ya Pili Baada ya Kumi na Tisa

Wewe umewahi kuona jambo likianza mpaka likaisha? Kama umewahi, usimcheke mpiga pasi wa hospitali. Yeye hajawahi.

Kazi yake ni chumba cha kufulia nyuma ya wodi, ambako shuka huingia na damu na kutoka na mvuke. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku. Mtu wa zamu huibiwa miisho, na hakuna polisi wa kumshtakia mwizi huyo. Harusini huondoka kabla ya hotuba. Msibani hufika watu wakitafuta viatu vyao.

Hata tamthilia ya Inspekta, ile ya kipelelezi iliyompagawisha alipokuwa kijana, aliiona viraka viraka. Kila sehemu ilikuwa na kesi yake, lakini chini kwa chini kesi moja ilipita katika zote: nani alimuua ndugu yake Inspekta? Siku jibu lilipotolewa, yeye alikuwa akinyoosha makoti ya madaktari. Kesho yake wenzake walipotaka kumsimulia, akaziba masikio. Aliyaziba miaka ishirini.

Kisha shemeji yake, mdogo wa mkewe, akaja na flashi yenye sehemu zote ishirini na nne. Mpiga pasi akaomba likizo ya wiki moja. Msimamizi akampa huku amevuta mdomo kama aliyeombwa figo.

Jioni ya kwanza walikusanyika sebuleni: yeye, mkewe, na mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na kuishika rimoti. Sehemu ya kwanza ikaisha vizuri. Katika iliyofuata, Inspekta alikuwa anachechemea.

"Mguu umefanya nini?" mpiga pasi akauliza.

"Baridi," akajibu mama mkwe. "Hata wangu ulianza hivyo hivyo."

Mpiga pasi akasogea kwenye kioo cha televisheni. Pembeni paliandikwa kumi. Televisheni ilikuwa imezipanga faili kwa tarakimu ya mbele: moja, halafu kumi, kumi na moja, mpaka kumi na tisa, ndipo ikaikumbuka ya pili.

"Samahani, mama. Hii siyo yenyewe. Tumeruka."

"Tumeruka nini, mkwe wangu? Televisheni ndiyo inayojua kilichomo tumboni mwake. Kaa."

Unaweza kubishana na msimamizi, hata na daktari mkuu ukijipa moyo. Mama mkwe humpokonyi rimoti. Mpiga pasi akachukua kiti chake, akaenda kukaa barazani.

Likizo yake ikawa inaishia huko. Kila jioni, risasi zikilia ndani, yeye nje aliimba kwa sauti ili asisikie jina la mtu. Lakini sauti ya mama mkwe ilipenya dirisha. Walipofika ya pili, Inspekta akatembea wima, mama mkwe akafurahi: "Amepona. Si niliwaambia ni baridi?" Ya ishirini alipochechemea tena, akasikitika: "Watu hao hawafungi madirisha."

Shemeji akapita, akamkuta pale.

"Shemeji, umefukuzwa?"

"Nipangie hizo faili. Ya pili iifuate ya kwanza."

"Lakini kila sehemu ina kesi yake. Mkate unaukata upande unaotaka."

"Na ndugu yake Inspekta?"

"Ah, yule? Kwani mpaka leo hujui? Aliuawa na—"

Mpiga pasi alishafika barabarani, viganja masikioni, kandambili moja imebaki ngazini. Watoto wa jirani walimtazama kwa heshima, kama wanavyomtazama mtu aliyekimbia nyuki.

Ni mkewe aliyechoka. "Wewe," alimwambia mdogo wake, "mume wangu ana likizo moja kwa mwaka, anaimalizia kukodolea ukuta wa jirani. Tengeneza." Shemeji akafungua kompyuta na kuongeza sifuri mbele ya namba zenye tarakimu moja. Akamaliza kabla chai haijapoa. Sifuri tu. Mpiga pasi alitamani kumkaba na pia kumbusu.

Siku mbili za likizo zilikuwa zimebaki. Wengine walikwisha kutazama zote, kwa hiyo sebule ingekuwa yake.

Kesho yake asubuhi alikaa peke yake, rimoti mkononi, akaiwasha ya pili. Inspekta alitembea wima, kama inavyompasa mtu ambaye hajapigwa risasi bado. Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai, akavuta kigoda mpaka karibu naye. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba mkwe ameudhika, na alitaka kuyatengeneza mambo.

Kwenye kioo mlango ukafunguliwa. Daktari mmoja mpole, mwenye miwani, aliingia na maua kumpa Inspekta pole ya msiba. Mpiga pasi akainama mbele, akakunja uso, akamkagua mtu huyo kuanzia viatu.

"Usijiumize kichwa, baba," mama mkwe akasema taratibu, akimwekea kikombe mkononi. "Ni huyo huyo. Mpaka siku anafungwa pingu, miwani ni hiyo hiyo."

Daktari alikuwa bado amemkumbatia Inspekta, akimpigapiga mgongoni.

"Ahsante, mama," mpiga pasi akasema.

"Kunywa, inapoa."