Msamaha Ambao Mtafsiri wa Filamu Hakuutamka

Habari ya msiba ilinikuta Iringa nikiwa nimechoka, ikanichosha zaidi. Yule bwana aliyekuwa akitafsiri filamu za kigeni kwenye kibanda umiza chake, ukumbi mdogo wa video nyuma ya soko la Uyole, amefariki kwa maradhi ya figo. Wasomaji wangu wa Mbeya bila shaka mnaikumbuka sauti yake: akishika kipaza sauti, Mkorea na Mjapani wote walizungumza kama wauza viazi wa Uyole. Akikiweka chini, alikuwa na kigugumizi kizito. Kwa ajili ya kigugumizi hicho, mwenzake mmoja wa bweni, walipokuwa wanasoma hapa Iringa, alikuwa akimsimamisha juu ya kitanda kila jioni asome kwa sauti ili wengine wacheke.

Vitabu ndivyo vilivyotukutanisha. Aliniazima hadithi ya katuni ya Kijapani kuhusu kijana mwenye kovu la moto usoni, na mwanafunzi mwenzake aliyemnyanyasa anayemrudia ukubwani kuomba radhi. Vitabu hivyo husomwa kuanzia kulia. Mimi nikaanzia kushoto kama tulivyozoea, nikakuta mtu analia na kuomba radhi kabla sijajua amefanya nini. Nilipomweleza alicheka sana, akasema hata kanisani kwao walisoma hivyo hivyo, radhi kwanza na kosa halijulikani. Yule mwenzake wa bweni, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa mpunga Rujewa, alisimama Jumapili moja mbele ya waumini akaomba msamaha. Mchungaji akawaambia washikane mikono, akina mama wakapiga vigelegele, na hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa lipi.

"Mkono nimempa, kaka," aliniambia. "Moyo bado haujafika."

Baadaye aliipata filamu ya hadithi ile. Kitabuni, mwenye kovu hajibu kitu. Anamwacha mwenzake akae karibu naye, sura baada ya sura, mpaka kitabu kinakwisha bila neno. Kwenye filamu muziki unapanda, wanakumbatiana, yamekwisha. Tusiionee filamu: lile kovu likiwa na rangi zake liliniuma kuliko lilivyoniuma kitabuni, na watazamaji nao wana makwao ya kurudi usiku. Lakini mwisho ule aliukataa. Kijana wa filamu aliposema amesamehe, mtafsiri wetu alimtilia maneno mengine: "Nimekusikia. Njoo na kesho." Vijana wakalalamika, maana kukumbatiana walikuwa wanakuona kwa macho yao. Hakubadilisha.

Mtu wa Rujewa alikuwa benchi la nyuma siku hiyo. Akaja tena wiki iliyofuata, na nyingine, akawa anasaidia kupanga mabenchi bila kusema mengi. Figo zilipoanza kusumbua, ni yeye aliyekuwa akimpeleka hospitali. Habari za bweni sikuwahi kuwasikia wakizigusa.

Msibani, msoma wasifu aliongeza la kwake: marehemu alimsamehe kila mtu, hasa ndugu yetu huyu wa Rujewa, na apite mbele tumwone. Mzee wa watu akasimama pale pale alipokuwa.

"Hakuwahi kuniambia amenisamehe," alisema. "Nilikuwa bado naendelea kuja. Naomba msimsemee."

Mjane alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Msoma wasifu akakunja karatasi yake.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Nasi watazamaji tumeongeza la tatu: tuna haraka. Shuleni, kanisani, ofisini, tunawasukuma walioumizwa watoe mkono ili sisi tupumzike, na nimechoka na upatanisho wa namna hiyo. Nilimhurumia sana mtu yule aliporudi kukaa, kwa sababu jibu alilolingoja hatalipata tena. Hata hivyo alikataa kupewa la bandia. Anayeomba msamaha akubali kwamba huenda asiupate, na sisi wengine tuache kuutoa kwa niaba ya wenyewe.