Vitabu Nilivyomsomea Dada Mahindi Yakikomaa

Mwezi wa tatu nilitoka Mbalizi kwenda Iringa kwa sababu dada yangu alikuwa amegoma kuonja mahindi.

Kwetu mahindi mabichi ya kwanza hayaliwi mpaka mkubwa wa nyumba ayaonje. Anang'ata punje chache, anatafuna, anatema kidogo pembeni ya jiko, anameza zilizobaki. Basi, watu wanaingia shambani. Padri anajua na hajawahi kutukataza. Aliyekuwa akionja ni shemeji, mume wa dada. Mvua zilipoanza tukamzika. Zamu ikawa ya dada, na dada akakaa kwenye kigoda chake huko karibu na Tosamaganga, akasema hana mdomo wa kuonja kitu. Ndevu za mahindi zikageuka nyeusi. Watoto wakawa wanakula ugali wa unga wa dukani, shamba limesimama nyuma ya nyumba yao.

Aliyeniita ni mjukuu wake, mwalimu wa shule ya msingi mjini. "Bibi, njoo. Sisi kashatushinda." Alinipokea stendi na mfuko wa vitabu vinne. Shule yake ilitaka vitabu vya kusomewa watu kwa sauti, vinavyoeleza watu wa mataifa mengine wanavyofurahia baridi ikiisha na miti ikianza kuchipua. "Msomee bibi, labda ataamka. Halafu uniambie kipi tununue."

Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Kikikushika wewe kitamshika yeyote."

Mwingine angenuna. Mimi nyumba yangu nimeijenga kwa viazi, gunia kwa gunia, na kusoma nilikumalizia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni. Kidole changu kikitembea chini ya mstari sioni aibu.

Cha kwanza ni cha Wahindi wanaomwagiana unga wa rangi. Picha nzuri, maneno machache. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nguo anafua nani?" Kitabu hakisemi. Wanunulieni watoto. Mwenye msiba msimfungulie, kina kelele.

Cha pili ni cha Irani. Huko mwaka wao unaanza siku hizo hizo ambazo huku kwetu matope yanafika magotini. Wanaruka moto mdogo, wanasafisha nyumba mpaka chini ya mazulia, wanaotesha ngano kwenye sahani. Aliyekiandika anajua kazi za nyumbani, na mimi namheshimu mtu wa hivyo. Ila ni kirefu, na mimi siku hizo nilikuwa sikaliki. Nikisoma ukurasa nasimama. Naenda mlangoni, naangalia mvua, narudi. Simu inaita, mwenzangu wa sokoni anauliza viazi vishushwe wapi. Natoka tena, naingia shambani, napapasa mahindi juu ya maganda. Punje zimejaa. Kidogo tu yangekuwa ya kusaga, si ya kuchoma tena.

"Kaa chini," dada akasema. "Unasoma kama mtu anayekimbiza basi."

"Nitakaaje, na mahindi yanakomaa?"

"Onja wewe, basi. Wewe ndiye umebaki na nguvu."

Hapo nilikasirika kweli. "Mimi mgeni hapa. Nikionja nyumbani kwako ukiwa umekaa unaniangalia, si nitakuwa nimekuzika na wewe?"

"Nizike. Nafasi ipo pale pembeni yake."

Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Cha tatu ni cha Wajapani. Wanakaa chini ya miti iliyochanua, wanakula, maua yanawadondokea. Ukurasa wa kumi maua yanadondoka. Wa ishirini yanadondoka. Mwandishi alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Dada alisinzia, nikamwonea wivu. Hiki msinunue.

Cha nne nilikidharau. Chembamba, jalada limekunjika. Ni cha China. Baridi ikiisha, familia inakwenda makaburini, inang'oa majani, inafagia, inapeleka chakula. Anayesimulia ni mtoto wa kike, na bibi yake akifika kwenye kaburi la babu anaanza kumlalamikia: paa linavuja, jirani kasogeza mpaka, na wewe umelala tu. Akimaliza, wanakaa wanakula.

Dada alifumbua macho.

"Wanakula hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Na yeye wanampa?"

"Wanamtangulizia yeye. Wao baadaye."

"Rudia pale pa paa."

Nikarudia. Niliona nimeshika kitu, nikaogopa kukidondosha. Sikusimama. Sikuangalia mlango. Simu iliita mpaka ikachoka.

"Huyo bibi ana mdomo kama wako," dada akasema.

Mwenye hela ya kitabu kimoja anunue hicho. Hakisemi walikula nini, na hilo ni kosa, lakini anunue.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kabla sijanywa chai nilimsikia dada anamwambia mkwewe, mke wa mwanawe, achume mahindi mawili ayachome. Yalipoiva akajifunga kitenge, akatoka nayo mkononi, mimi nyuma yake na panga. Kaburi liko upande wa migomba, udongo ulikuwa bado haujakaa sawa, magugu tayari yameota. Nikaanza kufyeka.

"Polepole, hujaja kulima viazi," akaniambia. Kisha akaliangalia kaburi. "Na wewe. Umeniachia watu wana njaa, na huyu mdogo wangu asiyetulia. Nifanyeje nao?"

Muhindi mmoja akauweka juu ya udongo. Mwingine akauelekeza mdomoni, akang'ata, akatafuna muda mrefu, macho yapo chini. Akatema kidogo pembeni. Akameza.

"Mgumu," akasema. "Mlikuwa mnasubiri nini muda wote huu?"

Nyuma yetu mabua yalikuwa yanavunjika. Watoto walishaingia shambani.