Bubu Hajafa

Mshale wa sekunde ndio uliotangulia kumpotea. Fundi saa alikuwa ameinamia meza yake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akaona saa ya mteja haina mshale huo. Aliutafuta juu ya kitambaa cha kazi, akashuka chini kupapasa sakafu kwa viganja, mpaka mteja mwenyewe alipomwambia kwa upole, "Fundi, mshale si huo hapo unazunguka?"

Alicheka siku hiyo. Alisema uzee umebisha hodi. Lakini baada ya miezi minane mshale wa dakika nao ukawa wa kubahatisha, kisha namba, kisha nyuso za watu. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba imemtafuna kimyakimya kwa miaka. Akafunga kibanda. Vifaa vyake, bisibisi nyembamba kama sindano na vikoleo vya kushika magurudumu, akavifunga kwenye taulo na kuviweka uvunguni mwa kitanda.

Mkewe alikuwa amestaafu mwaka huohuo. Miaka thelathini alikaa masjala ya hospitali akitunza mafaili ya wagonjwa, na wenzake walimwita Mama Faili. Alikuwa mwanamke mnyoofu mpaka anakera. Faili likipotea mikononi mwake hakusingizia mtu, alikwenda kwa daktari na kusema, "Nimelipoteza mimi." Majirani walijua kwamba ukitaka kusifiwa gauni lisilokupendeza, usimuulize yeye.

Yeye ndiye aliyeona mumewe anavyonyauka kwenye kochi, redio sikioni kutwa, hataki kutoka, hataki kuongea. Mchana mmoja akawasha televisheni. Saa kumi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kulikuwa na tamthilia ya mapigano iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikiitwa Lango la Nane. Fundi saa alipenda mapigano tangu ujanani. Alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mabenchi ya kibanda cha video na wa mwisho kufukuzwa. Mkewe hakuwa na hamu nayo hata chembe. "Watu wazima na akili zao wanarukaruka juu ya mapaa," alisema, lakini akakaa.

Maneno ya tamthilia fundi aliyasikia vizuri. Tabu ilianza walipoanza kupigana, kwa sababu hapo maneno hukatika, unabaki mlio wa chuma na miguno.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Wanapigana."

"Najua wanapigana. Wanapiganaje?"

"Yule wa nguo nyeupe amempiga yule wa nguo nyeusi."

"Amempiga wapi?"

Mkewe alifikiri kidogo. "Mwilini," akasema.

Fundi alicheka mpaka akakohoa, na mkewe, ambaye hakuwa amesikia kicheko hicho kwa muda mrefu, akaamua kujifunza kazi. Alinunua daftari. Kila mhusika akampa ukurasa wake, jina juu, silaha chini yake, na makovu na alama za nguo pembeni, kama alivyozoea masjala. Baada ya wiki tatu alikuwa anasimulia bila kusita: "Binti wa Jemadari ameingia kwa mlango wa nyuma, upanga mkono wa kushoto maana wa kulia bado una bandeji. Wako watatu. Wa kwanza amekatwa mkanda, suruali imemwanguka, ameona aibu kapiga mbio."

Katika watu wote wa ngome ya tamthilia ile, fundi alimpenda mmoja kuliko wote. Alikuwa mpishi, bubu, mtu mnene mwenye aproni, aliyepigana kwa upawa wa chuma. Hakusema neno wala kuguna. Kwa hiyo kwa fundi saa mpishi yule hakuwa na makao popote isipokuwa kinywani mwa mkewe; asipomtaja, hayupo.

"Bubu yuko wapi leo?" lilikuwa swali lake la kwanza kila alasiri. "Huyo ndiye mtu. Anafanya kazi yake, hana kelele."

Kisha ikaja siku ya kwenda kwa daktari bingwa, ambaye fundi alikuwa amemwekea tumaini kwa miezi minne. Daktari alimmulika, akamulika tena. Akasema mishipa ya macho imekwisha kufa na hakuna upasuaji wa kuirudisha. Walirudi nyumbani saa tisa na nusu. Fundi hakuvua viatu. Alikaa kwenye kochi na koti lake, na mkewe akiongea hakumjibu. Saa kumi ilipofika mkewe akawasha televisheni, ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Siku hiyo maadui walivamia ngome. Mlio wa pinde ulikuwa mwingi, na watoto walipiga mayowe. Mama aliacha kusimulia katikati.

"Bubu yuko wapi?" fundi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu hospitali.

Mama alimtazama, koti mwilini na viatu miguuni.

"Amepita dirishani," akasema. "Ameumia bega kidogo. Ameshika njia ya mlimani."

"Hajafa?"

"Hajafa."

"Afadhali," fundi alisema, na akainama kufungua kamba za viatu. Mkewe aliuondoa mkono aliokuwa amemwekea begani, akasema anakwenda kunywa maji. Alikaa jikoni muda mrefu.

Toka siku hiyo, kwa miezi saba, Bubu alionekana mara moja au mbili kwa wiki. Alitokea usiku kuwaua walinzi sita kwa upawa. Alijifanya muuza mkaa. Alivuka mto akiwa amembeba Binti wa Jemadari mgongoni. Fundi aliwahi kuuliza mbona hakuna anayemsemesha siku hizi, na mkewe akajibu, "Wamsemeshe wapate nini? Anajua kazi yake." Ikatosha. Fundi akaanza kutoka nje. Kila asubuhi alijikongoja kwa fimbo hadi kwa kinyozi, nyumba ya nne, na kuwahadithia waliokuwa wakisubiri zamu. Walimsikiliza kwa makini. Wengine waliuliza maswali.

Mama Faili alifariki Jumatano. Asubuhi alikuwa anaanika nguo, akasema kifua kinambana, akaketi kwenye ngazi. Jirani alimpeleka kwenye hospitali ileile aliyoifanyia kazi, na faili lake lilipatikana upesi kuliko la mtu yeyote siku hiyo, maana waliolitafuta ni wale aliowafundisha kutafuta. Saa sita mchana alikuwa amekwisha kwenda.

Fundi saa hakulia. Kwenye mazishi alishikwa mkono, akaelekezwa pa kusimama, akatupa udongo alipoambiwa atupe. Watu walisema amejikaza kiume. Binti yao, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekuja kutoka mbali na akaomba ruhusa ya mwezi mmoja akae naye. Siku ya tisa, asijue la kufanya na baba asiyesema, aliwasha televisheni saa kumi.

"Mama aliniambia unaipenda hii, baba. Nikusimulie?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Binti alisimulia vizuri, kwa hesabu zake: watu saba kushoto, wanne kulia, ukuta wa urefu wa mita tano hivi. Baada ya robo saa baba akauliza, "Bubu yuko wapi?"

"Bubu yupi?"

"Mpishi. Mwenye upawa."

"Simwoni. Ngoja nitazame kwenye simu." Alitafuta, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, bila kujua alichoshika. "Mpishi bubu aliuawa kipindi cha thelathini na moja, baba. Sasa tuko cha mia na themanini."

"Soma tena."

Akasoma tena.

Fundi alisimama, akatafuta fimbo yake, na binti alipotaka kumfuata akamwambia abaki. Alihesabu milango kwa fimbo hadi kwa kinyozi. Mashine ilikuwa ikinguruma. Fundi akasimama mlangoni.

"Bubu amekufa lini?" aliuliza.

Mashine ikazimwa. Mteja aliyekuwa kitini alitazama chini, na kinyozi akajifuta mikono kwenye aproni bila sababu.

"Mzee, karibu kwanza ukae."

"Nimekuuliza."

"Zamani," kinyozi alisema. "Mwezi wa tatu."

"Na ulikuwa unajua. Nakuja hapa kila asubuhi, mtu mzima, nawahadithia marehemu anavyovuka mto, na wote mnajua. Mtaa mzima unanicheka."

"Hakuna aliyecheka, mzee. Kesho yake tu, baada ya Bubu kufa, mama alikuja hapa kabla sijafungua. Alisimama hapohapo ulipo. Akaniambia, 'Bubu hajafa. Umenielewa? Na kila atakayekaa kwenye kiti hiki umwambie hivyo.' Nikamuuliza, mama, wewe ndiye unasema uongo? Akasema, 'Huu ni wa kwanza, usinifanye niurudie.' Alipita hata dukani. Hata kwa wale vijana wa gereji. Alikuwa akirudi sokoni ananiambia jana Bubu kafanya nini, ili nisije nikakosea mbele yako. Ukweli ni kwamba sisi tulikuwa tunafuata zote mbili, ya kwenye televisheni na ya kwake. Ya kwake ilikuwa nzuri zaidi."

Fundi aliitafuta njia kwa fimbo. Aliugusa ukuta, akageuka, akarudi kwake. Kinyozi alimfuata nyuma hatua kumi, bila kuongea, mpaka alipomwona ameingia ndani.

"Kitafute hicho kipindi," fundi alimwambia binti yake. "Cha thelathini na moja. Uniambie kila kitu kama kilivyo, usiongeze, usipunguze."

Binti alikipata. Walikaa, simu katikati yao kwenye kochi. Kelele zilikuwa zilezile: pinde, mayowe ya watoto, mbao zinavunjika.

"Amesimama kwenye mlango wa jiko," binti alisema. "Ameuziba kwa mwili wake. Watoto wanatoka kwa nyuma, kupitia tundu la moshi. Wanampiga mishale."

"Mingapi?"

"Baba."

"Mingapi?"

"Tisa. Bado amesimama. Sasa mtoto wa mwisho ametoka. Amegeuka kuhakikisha. Ameketi chini taratibu. Ameuweka upawa mapajani. Basi. Ameinamisha kichwa."

Kwenye simu hapakuwa na sauti ya kifo. Palikuwa na upepo tu, na baadaye muziki.

"Hata hakuguna," fundi alisema.

"Hakuguna."

Ndipo alipoikumbuka alasiri ile vizuri: viatu, koti, mkono uliotoka begani mwake, na maji yale ya jikoni ambayo hakuyasikia yakimiminwa. Mkewe naye alimpenda Bubu. Asingeweza kumtafutia mto, na mkaa, na walinzi sita, kama hakumpenda. Alikuwa amemwona anakufa, mishale tisa, na aliyekaa naye hakuona kitu, na mtu pekee ambaye angeweza kulia naye ndiye aliyepaswa kufichwa habari. Kwa hiyo alikwenda jikoni kumlilia peke yake, kisha akarudi na kumfufua. Na siku hiyo alikuwa ametoka kusikia kwamba mumewe hatamwona uso tena.

"Alikuwa analia kule jikoni," fundi alisema, "na mimi nafungua viatu."

Kisha akalia. Alilia kama mtu anayetapika, kwa kuinama, na binti akamshika mabega asianguke kwenye meza. Zilikuwa zimepita siku tisa tangu wamzike.

Tamthilia iliisha wiki mbili baadaye. Binti alikuwa na kikao cha shule yake kwa njia ya simu, na fundi akaenda kukisikiliza kipindi cha mwisho kwa kinyozi, aliyekuwa na televisheni ndogo juu ya kioo. Kinyozi alimsimulia kadiri alivyoweza. Binti wa Jemadari aliirudisha ngome, akazunguka vyumba vyote vilivyoungua. Alipofika jikoni akanyamaza, na kinyozi naye akasitasita.

"Na kule kwenye kona," kinyozi alianza, "naona kama mtu mnene hivi, ana apro—"

"Acha," fundi alisema. "Amekufa."

Kinyozi aliiweka mashine mezani.

"Na mke wangu amekufa," fundi akasema. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka. Kwa wiki zote hizo alikuwa akisema "mama hayupo", kama mtu aliyetoka dukani. Kinyozi aliipunguza sauti ya televisheni, akasema ndiyo, mzee, amekufa, pole sana.

Mwisho wa mwezi binti alimchukua akaishi naye, mji mwingine, chumba chenye dirisha upande wa barabara. Jioni wajukuu hubishana wakichagua cha kutazama, na mmoja wao, msichana wa miaka kumi, hujitolea kumsimulia. Babu humshukuru, humwambia ayapumzishe macho yake. Husema anasikia vya kutosha.