Mkate Wenye Jina la Aibu

Jumamosi, tarehe nane Februari. Theluji ya jana imekuwa tope la kijivu, na jua linawaka bure, halina joto.

Leo nimecheka mpaka nikashika ukuta, na bado sijui kama ilifaa kucheka.

Tangu tuhamie Columbus, huku Marekani, mama mkwe amekuwa akisubiri zamu ya kupeleka mkate wa Meza ya Bwana. Zamu imefika, ni kesho. Akachagua mwenyewe mkate mweusi ninaoufunga kazini, kiwandani Gahanna. Ule mweupe, anasema, ni pamba. Huu una uzito, una heshima. Wajerumani huuita pumpernickel.

Mchana akauliza jina hilo lina maana gani. Warundi ndivyo tulivyo: jina ni sentensi nzima, na aliyelitoa alikuwa na sababu. Mimi nilishamuuliza bibi mmoja wa kazini, mwenye asili ya Kijerumani. Nikajaribu kukwepa, nikashindwa.

"Mama, wanasema neno la mbele ni kujamba. La nyuma ni jina la utani la shetani."

Wifi yangu, binti yake, alikuwa kwenye simu kutoka Buffalo, akisikia yote. Akapiga yowe.

"Mama! Unawapelekea watakatifu ushuzi wa shetani!"

Niseme haki: si wote wanakubali hivyo. Shule niliishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi, siwezi kuamua ugomvi wa Wajerumani. Bibi yule alisema pia kwamba zamani lilikuwa tusi la mtu mshamba, kisha likahamia kwenye mkate wake. Wengine husimulia kwamba askari Mfaransa aliuonja, akasema kwa lugha yake "bon pour Nicol", yaani unamfaa Nicol, farasi wake.

"Mwambieni mchungaji hiyo ya farasi," wifi akasema. "Mkongomani yule, Kifaransa kitamlainisha!"

Mama mkwe hakucheka. Aliuviringisha mkate kwenye kitambaa, akaupakata. Nikaona zamu yake inaharibika mbele ya macho yangu. Nikachukua koti nikimbie madukani Morse Road kununua mweupe.

"Kaa. Jina langu mimi maana yake nini?"

Nikatazama sakafu. Waliomtangulia kuzaliwa walikufa wote wachanga, ndipo baba yake akampa jina ambalo kanisani hakuna anayelitamka.

"Sema, binti yangu."

"Jaa la takataka, Mama."

"Na kifo kilinitaka?"

"Hakikukutaka."

"Mpaka leo kinapita kwangu kimeziba pua!" Hapo akaangua kicheko, mkate ukarukaruka mapajani. "Basi Mjerumani naye alikuwa na akili. Kampa mtoto jina baya, shetani asimtamani!"

Wifi alikuwa akikohoa kule Buffalo. Mimi ndipo niliposhika ukuta.

Lakini mkate ni wake, Meza ni ya kanisa. Nikampigia mchungaji, nikamweleza habari zote bila kupunguza, hata ya farasi. Kisha nikasikia kitu kama kiti kinaanguka.

"Bon," akasema akihema. "Donc, basi, uleteni. Ila jina tusilitangaze, mama, nitashindwa kuomba."

Kama maelezo ya mama mkwe ni ya kweli, sijui. Hakuna Mjerumani niliyemsikia akisema hivyo.

Jioni tulikula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa karanga. Mkate ulikaa juu ya friji, umefunikwa, na kila mama mkwe alipoupita aliusalimia kwa jina lake kamili, tukapaliwa sote.