Jembe la Krismasi

Mama wa binti yangu aliniandikia ujumbe Desemba ilipoanza. Ulikuwa wa adabu, kama zilivyo jumbe zake zote tangu tuachane. Tafadhali, aliomba, safari hii usimnunulie mdoli. Midoli imejaa chumbani mpaka tunaikanyaga, na ule unaoimba uliomtumia mwaka jana, mdogo wake ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji. Huyo mdogo ni mtoto aliyemzaa na mume wake wa sasa. Nilisoma ujumbe nikiwa ofisini, nikakasirika. Kisha nikaona ana haki, na hilo likanikasirisha zaidi.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Nilihamia Dodoma na wizara yetu wakati yeye anajifunza kutembea, na alipojua kukimbia mimi na mama yake tulikuwa tumeshagawana vyombo. Yeye akabaki Dar es Salaam na mama yake. Kila Jumapili nilimpigia simu. "Sijambo, baba. Nimekula, baba. Haya, baba." Simu inarudi kwa mama yake kabla sijakaa vizuri kitini. Na kule kwao yupo baba mwingine, mtu mwema, nasema hivyo kwa kujilazimisha, anayemfunga viatu na kumpeleka shule. Huyo ndiye baba. Mimi ni baba wa Dodoma. Nilimsikia siku moja akiniita hivyo pembeni ya simu, bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema mchele wa Kyela.

Krismasi hiyo angekuja kwangu kwa mara ya kwanza. Dada yangu mkubwa angemleta kwa treni na kukaa naye wiki nzima. Nilitaka kitu kimoja tu katika ujio ule, na nilikitaka hadi usingizi ukawa unanipotea: atakapoondoka, atake kurudi.

Basi nikaenda Majengo sokoni kutafuta zawadi ambayo si mdoli. Kwetu mtoto hupewa nguo mpya na viatu vya sikukuu, kwa hiyo nikaanza na viatu. Muuzaji akaniuliza mtoto anavaa namba ngapi. Sikujua. Nikahamia kwenye magauni, mama muuzaji akataka kujua ni mnene au mwembamba, na urefu wake umefika wapi. Nikaweka mkono pajani, nikafikiri kidogo, nikaupandisha kiunoni. Yule mama aliutazama mkono wangu unavyotangatanga, akanionea huruma. Akanishauri ninunue kubwa, atakua nalo. Niliondoka sokoni na kilo ya vitunguu.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Ipagala, kwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, ambaye amenizoea kiasi cha kunitania bila kuchagua saa. Jioni ile nilimkuta uani na ungo mapajani, anachambua mbegu za njugu mawe. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja, na ukichelewa nazo umekula hasara ya mwaka mzima, kwa hiyo Desemba kila mtu anatazama mawingu. Nikamweleza shida yangu, naye akanicheka kwanza, maana kwake hakuna jambo linaloanza bila kicheko. Kisha akaendelea kuchambua huku akisimulia kwamba kwao mtoto akishaweza kushika jembe hukatiwa kipande chake, tuta moja au mawili ya karanga au njugu. Kikishakuwa chake ni chake. Hata mama mzazi, njaa ikimbana, having'oi vya mtoto bila kumwomba.

Hakuwa ananishauri lolote, alikuwa anakumbuka utoto wake tu. Lakini usiku nikiwa kitandani lile wazo halikunitoka. Mdoli unaisha siku hiyohiyo. Gauni linabana. Njugu mawe zinapandwa Krismasi, zinang'olewa baada ya Pasaka au karibu yake, na mwenye nazo lazima awepo.

Asubuhi nikamwomba mama mwenye nyumba kipande nyuma ya jiko. Akanipa, pamoja na jembe la zamani lililolika kwa miaka mpaka likabaki la ukubwa wa kiganja. Nikalitafutia mpini mfupi, nikaupiga msasa hadi ukateleza, nikalifunga jembe zima kwa karatasi ya zawadi yenye nyota. Nilijiona mjanja sana.

Walifika tarehe ishirini na tatu. Mtoto alikuwa mrefu kuliko nilivyoonyesha sokoni. Aliniamkia kwa kuinama kidogo, na mama mwenye nyumba alipomsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", alinitazama mimi kwanza kama anayeuliza ajibu nini. Siku ile na iliyofuata alikaa kwenye ncha ya kochi, miguu pamoja. Alisema asante kwa kila kitu. Alipotaka kunywa aliniuliza kama anaruhusiwa kuchukua maji. Yeyote angemsifu kwa malezi mazuri, na dada yangu alimsifu. Mimi iliniuma. Mtoto haombi maji kwao.

Siku ya Krismasi tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala pilau. Ndipo nikaleta zawadi. Alifungua karatasi taratibu bila kuichana, akalitoa jembe, akaliweka mapajani juu ya gauni lake jeupe. Akasema asante. Dada yangu aliacha kula.

"Jembe?" aliniuliza. "Mdogo wangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya ngapi?"

Nilihesabu kichwani. Ya tatu. Sisi ni watu wa Muheza, na kwetu mama yetu hakuwa na msemo alioupenda kuliko huo. Jamaa akizidisha siku, mama angepita sebuleni kimyakimya, akaegemeza jembe karibu na mlango, na jioni mtu anaaga. Tumekua tunaucheka mchezo huo, mimi na dada. Halafu mimi, katika ujanja wangu wote wa msasa na karatasi za nyota, nikampa mwanangu jembe siku ya tatu.

Nikaanza kujitetea, dada akaanza kunisuta, tukapandishiana sauti kama zamani. Tulipogeuka mtoto hakuwepo. Jembe alikuwa amelilaza juu ya kochi, na karatasi ameikunja vizuri pembeni yake. Nilimkuta chumbani amefungua begi lake, anapanga soksi.

"Baba," alisema, "siku zangu zimeisha?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wangu kazini, na mengine yalinitoa jasho, lakini hakuna lililowahi kunikata maini kama hilo. Hakuwa analia. Aliuliza ili ajue apange na viatu au aviache nje. Nilikaa sakafuni karibu na begi. Nikamwambia hazijaisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosea, kwamba bibi yake alikuwa na utani wake wa jembe nami nikausahau.

"Mgeni hapewi shamba," nikasema. "Wewe nimekupa shamba. Lipo nyuma ya jiko. Njoo ulione."

Aliziweka soksi chini. Kisha akauliza kama anaweza kuja bila viatu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, udongo mwekundu umelainika. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kanisani, bado na kitenge chake cha sikukuu, na kwa kawaida siku kama hiyo hagusi kazi ya shamba. Aliposikia yaliyotokea alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kipande cha mtoto hakihesabiwi kazi, akaingia ndani kuleta mbegu. Alimwachia mtoto achague mwenyewe. Mtoto alizikataa nyekundu na nyeusi. Alitaka zile nyeupe zenye doa jeusi kwenye kitovu, kwa sababu, alisema, hizo zinaona.

Hatukulima kwa kina. Tuliberega tu, yaani kuparua udongo juujuu kama wafanyavyo wenyeji. Dada yangu alisimama mlangoni kwanza, amekunja mikono. Baadaye akavua viatu vyake vya kanisani, akaja kutuonyesha kwamba hatujui kupanga mistari. Hakuomba radhi na sikumtarajia aombe, kwa sababu na yeye ni mtoto wa mama yetu. Mtoto alipiga jembe lake kwa nguvu zote, akatia mbegu, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja. Gauni jeupe liliharibika kabisa. Aliponyooka aliniuliza nani atazilinda akiwa Dar. Nikamwambia mimi.

"Usizichimbe mpaka nije," akaniagiza.

Jioni mama yake alipiga simu kuuliza nimempa nini. Nilipomjibu, alidhani mtandao unamchezea, akauliza tena. Nikamsimulia yote, hata soksi. Akauliza kama mtoto amelala. Nikamwambia amelala, na udongo bado umo kwenye kucha, kaniambia nisiutoe. Hapo akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na nilifurahi kwamba alicheka kwa ajili ya mtoto wetu.

Januari simu za Jumapili zilibadilika. Hakuwa tena na haja ya kunieleza kuwa amekula. Zimeota? Ngapi? Kuku wameingia? Nilituma picha kila wiki. Mtu mzima na tai shingoni, naamka alfajiri kupalilia kipande kisichozidi mkeka, majirani wananisalimia kwa kicheko na kuniuliza nitahitaji vibarua wangapi wakati wa mavuno. Nilizipandishia udongo nilivyoelekezwa. Niliwafukuza kuku kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Hofu ilinishika Machi ilipokaribia kwisha. Mama mwenye nyumba alianza kung'oa zake. Zetu zilikuwa zinageuka njano, na mama wa mtoto hakuwa na uhakika wa likizo. Mume wake alitaka waende kwao Iringa wote. Alikuwa na haki hiyo, na sikubishana. Lakini nilizunguka kile kipande kila jioni nikiwa na hasira na dunia nzima. Mwenye nyumba akaniambia zikikaa zaidi mchwa watazila. Nikamjibu kwamba nimekatazwa kuchimba. Alinitazama, safari hii bila kicheko, akasema basi tusubiri.

Pasaka haikuchelewa mwaka ule, nashukuru, na safari ya Iringa ikaahirishwa. Aliletwa na shangazi yake Alhamisi Kuu. Alipoingia getini alinipita kama upepo, hakuniamkia, wala maji hakuomba. Nilimkuta nyuma ya jiko amechuchumaa anahesabu mashina, na shangazi yake akamgombeza kwa kukosa adabu. Mimi nilitaka kumbusu dada yangu kwa furaha.

Tuling'oa sote asubuhi iliyofuata. Mchwa walikuwa wamechukua chao, kuku chao. Zilizobaki zilijaa sufuria moja ndogo. Tulizichemsha na chumvi kwenye maganda yake, na uani pakanuka njugu na moshi wa mkaa. Mtoto hakula kwanza. Aliomba ungo, akazimwaga humo zipoe, akaanza kuzigawa mafungu kwa makini, midomo inasemasema.

"Hili la mama. Hili la mdogo wangu. Hili la shangazi. Hili la bibi mwenye nyumba." Kisha akatenga fungu kubwa kuliko yote, akalichambua, akaondoa zilizopasuka. "Hili la baba."

Nilinyoosha mkono. Yeye alikuwa ameshafungua mfuko aliotenga wa kupeleka Dar, akalimimina humo juu ya fungu la mama yake. Nikarudisha mkono mapajani. Nilijiambia ni haki, yule ndiye anayemfunga viatu. Nilijiambia nimeshapata nilichokitaka, amerudi. Bado wivu ulinipanda, na mtu mzima anayemwonea wivu mwenzake kwa njugu za kuchemsha hana pa kuuficha uso. Ungoni hapakubaki hata punje isiyo na mwenyewe.

"Na mimi je?" nikasema. Nilitaka litoke kama utani. "Mimi hujaniwekea fungu."

Aliinua uso, akanishangaa, kama vile nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Wewe hupewi, baba," alisema. "Mimi na wewe ndio tunaogawa."