Wandera Hakujua Kulalamika

Wandera aliibeba baiskeli ile begani mpaka floo ya sita ya ghorofa wanayoishi, na kila floo milango ilifunguka utadhani kuna jeneza linapita. Watu wa mtaa wa Pipeline wameona mengi, lakini hiyo walikuwa hawajaona. Tairi nene karibu kama za pikipiki. Shokabzoba ya kumeza mishtuko mbele, shokabzoba ingine katikati, chini ya kiti. Rangi ya kijani kama embe bichi. Hakuna kengele, hakuna keria ya kubebea mtu wala mkate. Bei yake aliyoambiwa Wandera ni bei ya ng'ombe wa boma zima huko kwao Busia.

"Hiyo ndio italala kwa kitanda, mimi na mtoto tulale chini?" Ayuma, mke wake, aliuliza bila kugeuka. Alikuwa anakunja nguo za mtoto wao Ryan akiziweka kwa begi.

"Ni ya kazi, Mama Ryan. Kesho inarudi."

"Kazi gani?"

"Ya kuijaribu. Nikiijaribu vizuri, naandikwa kazi."

"Ile ya sufuria ulisema iko sawa. Ya mkate ukasema iko sawa."

Begi lilikuwa limefika nusu. Ayuma alikuwa amesema wazi: kama kazi haijapatikana mpaka Jumamosi, yeye na mtoto wanapanda basi kwenda kwa mamake huko Vihiga. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Wandera angekuwa na matumaini.

Tusizungushe: mtu alikuwa amefika mwisho. Alifanya kibarua kwa kiwanda cha sufuria huko Baba Dogo mpaka vibarua wakafukuzwa. Akasambaza mkate kwa baiskeli mpaka mwenye bekari akanunua tuktuk. Siku zile za mwisho za mkate ndio Madam Warigia alimwona. Huyu mama ana biashara ya kupeleka watalii na matajiri wa Nairobi kuendesha baiskeli milimani. Alikuwa amekwama kwa jam, akaona jamaa na kreti ya mkate akishuka ngazi za mtaro juu ya baiskeli bila kugusa mguu chini. Akashusha kioo akamwita, na leo ndio amemkabidhi ile ya kijani.

"Natafuta mtu wa kunijaribia baiskeli kabla sijazinunua," alimwambia. "Hii ni ya kushuka milima ya mawe, wanaiita enduro. Kaa nayo uizoee. Jumamosi utaishusha pale kwa machimbo ya mawe, kwari ya Njiru, uniambie inafaa ama haifai. Ukiweza, hiyo kazi ni yako."

Sasa Otiende akaja kuiona. Otiende ni fundi wa baiskeli hapo chini ya ploti, hilo jengo lao, na yeye na Wandera wametoka mbali. Alikaa kwa kiti, baiskeli ikazama.

"Omera, ndugu yangu, hii imekufa."

"Ni mpya, Otiende."

"Basi imekufa ikiwa mpya. Nimekaa tu, imelala. Ikiwekwa mzigo je?"

Wandera naye alikaa. Ikazama. Moyo ukaenda nayo.

Lazima ujue alikotoka. Babake alivusha watu mpakani Busia kwa baiskeli, na kitu cha kwanza alichomfunza kijana wake ni upepo. Baiskeli inayonesa ni aibu. Abiria anashuka anapanda ya jirani. Unapiga pampu mpaka ukigonga tairi na kidole ilie kama ngoma, ndio unaitwa mtu wa baiskeli. Na kwa mfuko uliokuja na hiyo baiskeli kulikuwa na pampu ndogo ya shokabzoba.

"Unaona?" Otiende akasema. "Wamekupa mpaka pampu. Wanajua iko na shida, wanataka kuona kama utaishika."

Wakapiga pampu hapo kwa korido, mbele na nyuma, kwa zamu, jasho likawatoka. Otiende akaruka na makalio yote juu ya kiti. Baiskeli ikakataa kuteremka.

"Sasa hii ndio baiskeli."

Ayuma alikuwa amesimama mlangoni. "Mwenyewe amewaambia mfanye hivyo?"

"Iko sawa, Mama Ryan," Wandera akasema.

Jumamosi asubuhi, kwari ya Njiru. Njia ya zamani ya malori inashuka ukutani, imeliwa na mvua, imebaki mawe kama ngazi zilizojengwa na mlevi. Warigia alisimama chini amekunja mikono. Wandera akasukuma baiskeli mpaka juu, akaomba Mungu, akaachilia.

Jiwe la kwanza lilimpiga mgongo. La pili lilimpiga meno. La tatu, baiskeli ikarusha mateke kama punda, ikamtupa pembeni, kiwiko kikachunika. Akapanda tena. Ikamtupa tena, jiwe lile lile. Mara ya mwisho alishuka amebana breki njia yote, mikono imekufa ganzi, akafika chini akitembea kama mzee.

"Haya," Warigia akasema. "Niambie."

Hapa ndio alijimaliza. Kwa lango la kiwanda, msimamizi akikuuliza huko ndani joto likoje, unasema sawa tu. Wandera aliona watu waliosema ni kali, na kesho yake kidole cha msimamizi cha kuchagua vibarua kiliwaruka kama hawapo. Kibarua halalamiki. Hiyo alijifunza kabla hajajua choo kiko wapi.

"Iko poa, madam. Baiskeli nzuri sana."

"Mbele?"

"Mbele iko poa."

"Nyuma?"

"Nyuma pia. Hakuna shida."

"Imekutupa, Wandera."

"Hiyo ni mimi. Baiskeli iko sawa."

Damu ilikuwa inadondoka kutoka kwa kiwiko ikiingia kwa soksi. Warigia akabonyeza kiti na mkono. Kigumu. Akakaa. Kigumu.

"Nani ameongeza upepo huku?"

Angeweza kumtaja Otiende. Hakumtaja. "Ni mimi. Niliona inazama, nikajua ni mbovu."

"Inafaa izame kidogo ukikaa, ndio ipate nafasi ya kumeza jiwe. Hukujua, na hiyo si kosa. Ungeniuliza ningekuambia." Alibonyeza valvu, upepo ukatoka ukilia ssss, mbele na nyuma. "Panda tena."

Ile mara moja Wandera aliishi. Mawe yalipita chini yake kana kwamba mtu ameyatandikia godoro. Lile lililomtupa hata hakujua amelipita lini. Alifika chini anacheka peke yake, halafu akaona uso wa Warigia, kicheko kikakauka.

Akaanza kumwaga, haraka haraka, yote ambayo angesema mwanzo. Kwamba breki ziko mbali na vidole, mtu wa mkono mdogo hatazifikia. Kwamba kwa mteremko ni tamu lakini kwa kupanda inanesa inakula nguvu, mgeni atachoka kabla ya kilele. Kwamba pedali inagonga mawe kwa kona. Kwamba ile mara ya kwanza alikuwa ameogopa sana, na alijua kuna kitu mbaya, alijua tangu jiwe la kwanza.

Warigia alisikiza mpaka mwisho. "Hayo ndio nilikuwa nataka."

"Basi niandike, madam. Nakuomba."

"Kazi ni hiyo tu, Wandera. Kuniambia ni mbaya ikiwa mbaya. Imekutupa mara mbili, unatoka damu, unaniambia iko poa. Mimi nikipandisha mtoto wa mtu juu ya hiyo poa yako, avunjike shingo, nitamwambia nini mamake?"

Warigia alimfunga kiwiko na kitambaa safi, polepole, akapakia baiskeli kwa pikapu, akaenda.

Wandera alirudi Pipeline kwa miguu. Begi lilikuwa limefungwa. Ryan alikuwa amevalishwa viatu.

"Ilikuwaje?" Ayuma akauliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote. Akalimeza.

"Vibaya," akasema. "Nimekosa. Nimeiharibu mwenyewe."

Akamwambia yote amekaa kwa ukingo wa kitanda. Upepo, jiwe, uongo, na ile mara moja tamu. Ayuma alikaa juu ya begi akisikiza, mkono kwa shavu.

"Tangu unioe," akasema mwishowe, "hujawahi niambia kitu imekuuma."

"Utabaki?"

"Tiketi iko kwa mfuko, Baba Ryan. Na hapa hakuna unga."

Alisimama akamfunga Ryan mgongoni. Wandera akabeba begi, wakaanza ngazi. Floo ya tano, floo ya nne, milango ikafunguka tena watu wakitazama. Kiwiko kilikuwa kinawaka moto.

"Ni nzito?" Ayuma akauliza, bila kumwangalia.

"Ni nzito," Wandera akasema. "Ni nzito sana."

Ayuma akashika mkanda wa upande ule mwingine, wakashuka.